Nani Alimfukuza Wifi

Kwa miaka ishirini na minne ya ndoa nilijulikana mtaani kwetu Kamembe kama mwanamke asiye na neno. Watu walilisema hilo kama sifa. Kuna mama mmoja jirani ambaye, kila alipokaribia kumwoza binti, alimleta kwangu akae mkekani mchana mzima, anitazame ninavyoshona na kunyamaza, apate kujifunza. Masikini binti zake, walisinzia. Na mimi sikuwa mpole hata kidogo. Maneno nilikuwa nayo tele, ila nilikuwa nikiyameza, na pini za kushonea zilinisaidia sana. Mtu mwenye pini sita katikati ya meno hawezi kumjibu mtu.

Sababu kubwa ya kumeza maneno ilikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alipofiwa na mumewe alikaa eda kwake kama inavyotakiwa, kisha akaja kwetu kupumzisha moyo. Alisema ni wiki mbili. Akakaa miaka kumi na moja. Waswahili tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alilichukua jembe mwenyewe, na siku ya nne akatukabidhi sisi. Ufunguo wa kabati la vikombe aliufunga kwenye ncha ya kanga yake. Chumvi ya chakula changu aliionja yeye kabla yangu. Na chumba cha mbele, ambacho mume wangu alikijenga kwa ajili ya cherehani yangu, chenye dirisha la kuonea barabara na kipande cha ziwa na vilima vya Bukavu, akalala yeye.

Cherehani ikahamia korido. Korido yetu haina dirisha. Nilishona kwa taa saa sita za mchana, na wateja niliwapimia nyuma ya pazia, na kila aliyekwenda chooni alipita hapo akisema hodi huku ameshaingia. Nilipothubutu kumwambia mume wangu, alijikuna shingo akasema, "Maman, huyu ni dada yangu, njo alinilea." Na kweli, ndiye aliyemlea. Tena nisimsingizie: watoto wangu walipougua malaria, yeye ndiye aliyekesha nao. Lakini kila nilipopitisha uzi kwenye sindano kwenye giza lile, nilikitaka chumba changu.

Mwaka juzi, mambo yakaanza na joto.

Kamembe si mji wa joto. Upepo wa ziwa unapanda, na asubuhi wengi hawatoki bila sweta. Mimi nikaanza kujisikia niko Bugarama, kule bondeni kwenye mashamba ya mpunga ambako hata mbuzi hutafuta kivuli. Nilivua shali, nikavua na soksi. Nilikula sahani mbili za ugali na sambaza, dagaa wa ziwa letu, na bado nilikonda. Sikuhitaji mizani kulijua hilo, kwa sababu gauni zangu nazishona mwenyewe: mwezi wa kwanza nilipunguza inchi moja kila upande, mwezi wa pili nikapunguza nyingine. Vidole vilitetemeka. Usingizi ukanikimbia. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa tu kwenye kiti nikichambua maharage.

Kazi, lakini, ilikwenda! Sare za shule za mtaa mzima nilizimaliza kabla wazazi hawajaniletea vitambaa vyote. Na mdomo nao ukaanza kwenda.

Wa kwanza kupatikana alikuwa mteja wangu wa miaka mingi, mama mmoja mfanyabiashara anayevuka mpaka kila siku kutoka Bukavu. Alikuja na libaya, blauzi ya kitenge niliyomshonea mwaka uliotangulia, akaitupa mezani.

"Fundi, hii libaya yako ilipunguka."

Siku zote ningesema samahani, nitaongeza. Siku hiyo nilisikia sauti yangu ikisema: "Libaya haikupunguka, Maman. Njo weye uliongezeka. Na utaongezeka tena, acha nikuwekee pindo mukubwa."

Akanitazama kama vile cherehani yenyewe ndiyo iliyosema. Akaondoka na libaya yake kwapani bila kuaga.

Wa pili alikuwa mkuu wa mudugudu, kitongoji chetu. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, tumetoka wote na majembe kuchimba mfereji wa maji ya mvua. Mfereji ulipofika robo, mkuu akatusimamisha juani ili atuhutubie kuhusu faida za mfereji. Alihutubu, akahutubu. Mimi nilikuwa nawaka toka kichwani hadi kisigino.

"Mukubwa," nikasema, "mufereji tumechimba robo, na hotuba umechimba yote."

Watu walicheka mpaka wakaegemea majembe. Mkuu alifunga daftari lake. Mfereji ukaisha siku hiyohiyo, na mpaka leo maji yanapita vizuri.

Wa tatu alikuwa wifi.

Nilikuwa nyuma ya pazia na msichana aliyekuwa anaolewa wiki ile, ninamjaribishia gauni, yeye mwenyewe anatetemeka kwa aibu kama wanavyotetemeka wote. Wifi akapita na ndoo ya maji. Akanyanyua pazia kwa kiwiko, akamtazama bibi harusi toka juu mpaka chini, akasema, "Hii kifua iko kidogo. Wifi, muwekee sponji." Akaendelea na safari yake ya chooni. Msichana akaangua kilio.

Nilizitoa pini mdomoni. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye kijimto cha pini, zote sita. Kisha nikamfuata wifi uani, nikamwambia. Nilianzia kwenye sponji nikarudi nyuma mwaka baada ya mwaka: chumvi, ufunguo, vikombe ambavyo wageni wangu hawakuwahi kuvinywea, kona yangu ya giza, macho yangu yaliyoharibika. Nilimwambia alikuja wiki mbili. Nilimwambia kile chumba ni cha cherehani, nakitaka, na nakitaka leo. Majirani walitoka, wengine na vijiko mkononi. Nilisema muda wa kutosha wali kuiva, maana jirani mmoja aliuacha jikoni na ukaungua. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na changu kilikuwa cha miaka kumi na moja.

Wifi aliitua ndoo, akaingia ndani. Alifunga mizigo, akafungua ile ncha ya kanga, akauweka ufunguo juu ya meza, na basi la mchana likamchukua kwenda Bugarama kwa mwanawe anayefanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Jioni ile niliiburuta cherehani peke yangu mpaka chumba cha mbele. Nilikaa dirishani nikapitisha uzi kwa mwanga wa Mungu. Nililia kwa furaha, nakiri.

Mume wangu alirudi, akakuta dada hayupo na mkewe anashona kwa kasi ya treni. Hakuuliza. Mume wangu ni fundi saa pale sokoni, mtu wa vitu vidogo na subira, na jambo likiwa kubwa kuliko skrubu huliacha mpaka litulie. Bibi mmoja wa mtaani alimshauri kwamba nina pepo, tena la kiume. Alinitazama siku tatu akitafuta pepo. Siku ya nne, nilipokuwa nikimpa chai na kikombe kinagonga sahani chenyewe, alinishika mkono, akaweka kidole penye mshipa, akatazama saa yake.

"Hii saa inachelewa," akasema.

Akaitoa, akaibadilisha betri. Akanipima tena. Akaguna. Akaenda kuleta saa nyingine kwenye kisanduku chake, akapima, akaitikisa, akaiweka sikioni. Ya tatu ilikuwa saa ya mteja, ya Kiswisi, ambayo alikuwa akijivunia kwamba haijawahi kusema uongo. Alihesabu mapigo mia na thelathini kwa dakika moja. Hapo ndipo alipogeuka rangi.

"Maman," alisema polepole, "saa tatu zote haziwezi kukosa."

Tukapanda moto mbili, pikipiki za abiria, mpaka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani na mikono ya baridi, na hiyo mikono niliipenda kwa sababu ya lile joto langu. Alinisikiliza, akanipima damu, kisha akanishika shingo akaipapasa kwa muda mrefu. Damu yangu, alisema, imejaa homoni, ile dawa ambayo tezi ya shingo hutengeneza, ile tezi ambayo ikivimba watu husema mtu ana rovu. Lakini shingo yangu ilikuwa nyembamba kama ya msichana. Akaipima kwa mashine, hakuona kitu. Alikuwa kama askari anayesikia harufu ya kanyanga, pombe haramu, mtaa mzima na asiuone mtambo. Akaniuliza kama kuna mahali pengine panaponisumbua. Nikamwambia, kwa haya, kwamba chini ya kitovu, upande wa kushoto, kuna kitu kama uzito, ila nilidhani ni kukaa sana kwenye cherehani.

Akashusha mashine tumboni, na mtambo ukaonekana. Juu ya ovari ya kushoto kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa chungwa.

Mume wangu alikaa chini. Mimi nikasema shahada kimyakimya. Daktari akatuinulia mkono. Alisema kwa sura yake haionekani kuwa kansa, ingawa atakayethibitisha ni maabara baada ya kuutoa. Alisema uvimbe wa ovari usio na ubaya ni jambo la kawaida, wanawake wengi wanao na hawajui. Ila mara chache, chache sana, uvimbe huo unaumbika kwa nyama ileile ya tezi ya shingo, na unakaa huko chini ukitengeneza dawa ambayo hakuna aliyeiagiza. Alikuwa amesoma habari zake. Hajawahi kuuona. Nilimwona macho yanang'aa, akajizuia.

"Tezi ya shingo?" mume wangu akauliza. "Ku tumbo? Ilishuka saa ngapi?"

"Haikushuka, Papa. Ilizaliwa hapohapo."

Akaendelea kueleza. Mtu wa ugonjwa huu husikia joto, hukonda huku anakula, hutetemeka, hakosi moyo kwenda mbio. Na hukasirika upesi.

Kwenye neno hilo mume wangu aliinua kichwa kama mtu aliyefunga aliyesikia adhana ya magharibi.

"Kukasirika? Hii ugonjwa inakasirisha muntu?"

"Ndiyo, Papa. Sana."

"Njo ile!" akasema, akapiga paja. "Njo ile!"

Alinifurahia, sina shaka. Machozi yalimlenga. Lakini nimeishi naye miaka ishirini na minne, na niliona kwamba upande mmoja wa moyo wake ulikuwa tayari umepanda basi kwenda Bugarama kumleta dada yake.

Nilipewa vidonge vya kutuliza moyo na vingine vya kupunguza ile dawa, ninywe wiki kadhaa, ndipo nipasuliwe. Sasa, kwetu mtu hawezi kulala kwenye meza ya kupasuliwa kabla hajaomba radhi. Hujui kama utaamka. Unapita kwa majirani na ndugu, unasema, kama nimekukosea nisamehe, nao wanasema tumekusamehe, nawe utusamehe. Anayekwenda ni mgonjwa mwenyewe. Lakini mimi daktari alinikataza kupanda na kushuka milima yetu na moyo ule, kwa hiyo mume wangu akasema asijali mtu, atakwenda yeye. Akafunga meza yake ya sokoni siku mbili nzima. Akawachukua na mama wawili wa kikundi chetu cha msikitini, wakaondoka na orodha.

Mimi nilibaki kitandani nikishukuru kupata mume wa namna hiyo. Sikujua alichokuwa akikisema huko.

Nilikijua wodini, siku mbili kabla ya kupasuliwa, wageni walipoanza kuja. Wa kwanza alikuwa mkuu wa mudugudu. Alisimama miguuni pa kitanda akiwa ameshika chupa ya juisi kwa mikono miwili, kama anayekabidhi kombe.

"Mama Fundi," akasema, "bwana wako alinieleza. Usihangaike. Nilisamehe ovari yako."

"Ovari yangu?"

"Njo ilinitukana. Si weye. Weye nakujua, hauna neno."

Akafuata yule mama wa Bukavu, na chupa ya chai mkononi. Alikaa, akapangusa jasho, akaniambia kwa huzuni, "Fundi, mi niliwaza ulisema kweli. Niliacha na mandazi, miezi mitatu! Kumbe ilikuwa ugonjwa." Akafungua mfuko, akatoa andazi, akalila palepale mbele yangu kwa macho yaliyofumbwa. Yule mama wa binti wanaosinzia naye alikuja, akanishika mkono akasema amefurahi sana kwamba sikuharibika, kwani bado ana binti mmoja.

Kila aliyekuja alikuwa amenisamehe. Walikuwamo hata watu walionikosea wao. Mume wangu alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akisema maneno yaleyale: Mama Fundi anaomba radhi, yote aliyoyasema hakuyasema yeye, ni ovari ilikuwa inasema. Na alipomaliza mtaa, alipiga simu Bugarama.

"Dada naye alikusamehe," aliniambia akinirekebishia mto. "Alilia ku telefone. Anasema ukitoka hospitali, akisikia umepata nguvu, atarudi. Atakutunza."

Nilitaka kupiga kelele. Lakini vidonge vilikuwa vimekwisha kuutuliza moyo, na kelele haikuja. Nilitazama dari. Asubuhi ya kupasuliwa, waliponisukuma kwenye kitanda cha magurudumu, niliogopa mambo mawili. Niliogopa kutoamka, kama kila mtu. Na niliogopa kuamka nikiwa yule wa zamani mwenye pini mdomoni. Kwa kifupi niliogopa kupona, na ninaliandika hili bila aibu.

Niliamka. Uvimbe ulitoka mzima na ovari yake, ukapelekwa maabara Kigali ndani ya kikopo. Baada ya wiki chache joto lilikwisha, nikavaa sweta na kuipenda. Mikono ikatulia. Zile inchi nilizopunguza kwenye gauni nikazirudisha, kwanza moja kisha nyingine. Mume wangu alinipima mapigo kila asubuhi kabla ya chai na kuyaandika ukutani kwa penseli, yakishuka kama bei ya nyanya msimu wa mavuno. Jibu la Kigali likaja: si kansa, ni uvimbe usio na ubaya, nyama yake ni ya tezi ya shingo kama daktari alivyokisia. Tulisoma dua. Kisha mume wangu akaichukua ile karatasi, akaitia kwenye plastiki, akawa anatembea nayo mfukoni. Aliionyesha sokoni. Aliionyesha kwa watu waliokuja kubadilisha mkanda wa saa. Mimi nikawa mwanamke pekee Kamembe mwenye hati iliyothibitishwa na maabara kwamba alipokuwa akisema, hakuwa yeye.

Siku ya kurudi kwa daktari nilimwomba mume wangu asubiri nje.

"Docteur," nikasema, "nina swali moja. Ule uvimbe ungeweza kutunga maneno?"

"Maneno gani, Maman?"

"Kama maneno ya kusema wifi atoke ku chumba cha mbele."

Alinitazama, nami nikamweleza kisa chote, kuanzia wiki mbili mpaka sponji. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaifuta, akaivaa, akawa daktari tena.

"Maman, tezi inakimbiza moyo. Inaondoa subira. Lakini tezi haimjui wifi yako."

Nilimwomba aniandikie hilo kwenye karatasi na kulipiga muhuri. Akasema fomu haina nafasi ya jambo hilo.

Nilirudi nyumbani nimesimama wima. Lakini nilipokaa dirishani, mbele ya cherehani yangu, mashaka yakaniingia. Nilijaribu kukasirika. Nilikumbuka chumvi, nikakumbuka ufunguo, nikamkumbuka yule bibi harusi akilia. Nilijaribu kama mtu anayejaribu kupiga chafya na chafya haiji. Nilichopata ni huruma: mjane mtu mzima, anakaa kwa mwanawe kwenye joto lile, amenililia kwenye simu. Nikajiuliza, kama hasira haipo, aliyeongea alikuwa nani? Labda mume wangu yuko sahihi, na labda karatasi iko sahihi. Labda mimi ni yule wa korido, na miezi yangu ya kusema nilikodishiwa na chungwa lililooza. Niliinamisha kichwa juu ya meza ya cherehani nikalia, na safari hii haikuwa furaha.

Wifi akarudi Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Moto moja ilimleta yeye, nyingine ikaleta begi, mkeka na gunia dogo la mchele wa Bugarama. Alishuka, akanikimbilia, akanikumbatia kweli, kwa nguvu za mtu aliyeogopa kunikosa.

"Wifi yangu! Pole! Mi nilikuhukumu bure, kumbe ulikuwa mugonjwa!"

Alinukia vumbi la mpunga na mafuta ya nazi. Nilimpenda kwa dakika hiyo, na hilo likafanya jambo kuwa gumu mara mia. Mume wangu alikuwa na furaha isiyofichika. Alitangulia chumba cha mbele, akainama, akaikumbatia cherehani yangu kiunoni.

"Tuirudishe pahali pake," akasema.

Sikuwa na joto wala mtetemeko, na hapakuwa na kitu chochote cha kunisukuma. Nilikuwa peke yangu kabisa mwilini mwangu.

"Papa, weka chini," nikasema.

Nilisema kwa sauti ndogo hata akaniuliza nimesema nini.

"Weka chini cherehani. Dada, karibu sana, na asanti kwa muchele. Utakaa nasi wiki moja. Utalala chumba cha nyuma na binti yetu. Hiki chumba ni cha cherehani."

Wifi alitabasamu, akamgeukia kaka yake, akamnong'oneza kwa sauti ambayo majirani wangeisikia: "Bado hajapona vizuri?"

Mume wangu akaitoa karatasi mfukoni, akaisoma upya, akaona haimsaidii. Akanishika mkono. Akatazama saa, akahesabu dakika nzima, midomo yake ikicheza. Sisi wanawake wawili tulisimama tukimsubiri.

"Sabini na mbili," akasema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Amepona."

Wifi akaacha kutabasamu. Alinitazama usoni kwa muda, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka yote ile.

"Ile siku," akasema, "ku uwanja, mbele ya bantu. Njo weye ulikuwa unasema?"

Ningeweza kumwambia ni ovari. Lilikuwa neno jepesi, lilikuwa limeshapita nyumba zote, na sote tungeketi tukala mchele.

"Njo mimi, Dada."

"Na leo?"

"Na leo njo mimi."

Akaivuta kanga yake, akaifunga vizuri kifuani kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Basi ile radhi nilikupa, rudisha. Mi nilisamehe mugonjwa. Weye sikukusamehe."

"Imerudi, Dada," nikasema.

Alikaa siku zake saba, chumba cha nyuma, na hakunisemesha hata mara moja. Salamu zangu alizijibu kupitia kwa binti yangu. Kila asubuhi, nikiwa dirishani na kazi yangu, nilimsikia jikoni anavyobamiza masufuria na kugonga vifuniko, hasira tupu, toka alfajiri mpaka chai. Mume wangu aliziba masikio. Mimi niliusimamisha mguu kwenye pedali ya cherehani ili nisikie vizuri, maana kwa mara ya kwanza katika nyumba ile kulikuwa na mtu aliyenikasirikia mimi mwenyewe, si ovari yangu.